Nyumba ya Nyasubi Hainadiwi

Nyasubi, Kahama
4 Mei 2022

Boaz mwanangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ukiacha kifua changu. Daktari ameacha kuutaja ugonjwa kwa jina, ananiambia tu nile ninachopenda. Wewe je? Bado unashuka maduarani kuchimba dhahabu huko Katoro? Unakula vizuri? Simu zangu hupokei, kwa hiyo nimempa barua hii Loveness, yule anayepeleka mchele huko. Barua haikatwi.

Juzi dalali wa benki alikuja kuinadi nyumba. Alikuja na kipaza sauti na wanunuzi watatu. Mmoja akaanza kupima sebule kwa tepu, mimi nimeketi humo humo. Nikamwambia asisahau kupima na mbele ya baraza. Walipotoka wakaliona kaburi. Nililichimbisha wiki iliyopita. Dalali akauliza la nani.

"Langu," nikamwambia. "Nimelitanguliza. Atakayenunua tutakaa wote."

Unawajua watu wetu: kaburi likilala wazi linaita mtu. Yule mwenye tepu aliikunja akaondoka bila kuaga, na mnada ukafia hapo. Mtaa mzima ulicheka, hata jirani yetu Eunice, ambaye nyumba yake iliuzwa tangu mgodi wa Bugarama upunguze watu, na sasa anapanga chumba alichokijenga mwenyewe.

Dalali ameahidi kurudi mwezi wa saba. Njoo.

Mama yako


Katoro, Geita
29 Mei 2022

Mayu, shikamoo.

Mimi mzima, mgongo tu ndio unanisumbua. Loveness alinisimulia yote kabla sijafungua bahasha, akicheka hadi kamwaga mchele. Mimi sikucheka. Mayu, lifukie hilo shimo. Unajiitia.

Kuja siwezi. Umekisahau kikao cha ukoo kule Samuye? Baba mdogo Mwigulu aliniita mwizi mbele ya watu wote, eti nimemlaghai mama mzee hadi akaiweka nyumba rehani. Nikakutazama ili useme neno. Ulikuwa unakoroga chai. Nikitia mguu Nyasubi watasema nimekuja kumalizia kilichobaki.

Nenda Samuye ukapumzike. Hiyo nyumba waache waichukue.

Mwanao, Boaz


Nyasubi
20 Juni 2022

Ng'wana wane Boaz,

Marahaba. Pole na mgongo. Usibebe viroba peke yako. Uvumilie mwandiko huu, mkono hautii tena.

Chai ile haikuwa na sukari. Nilikuwa nakoroga maji na majani, nikingoja mtu mwingine aseme nilichopaswa kusema mimi.

Sasa nakisema. Hukunilaghai. Hati niliitoa mimi sandukuni. Wewe ulisema tusubiri, mgodi una maneno maneno. Mimi nikasema kila mtu anajengea wapangaji, watu wa Bugarama wanatafuta vyumba hadi usiku, sisi tunasubiri nini? Mkataba wa mkopo niliusoma ukurasa kwa ukurasa. Wapangaji walipoondoka na vyumba vikabaki na popo, niliona aibu. Mwalimu wa hesabu, miaka yote ile ubaoni, nimekosea hesabu ya nyumba yangu! Nikaona afadhali nionekane mzee aliyelaghaiwa kuliko mwalimu aliyekosea. Nikakuacha ubebe.

Jumapili niliuita ukoo, nikawaambia wote. Mwigulu akadai ni homa inayosema. Nikamwambia aniulize jedwali la kuzidisha la kumi na saba, achague popote. Akachagua, nikajibu, akachagua tena. Mwisho akavua kofia.

Kwako naomba radhi. Kwa benki siombi. Wenye suti walijua mgodi utapunguza watu kabla sisi hatujajua, na bado walitukaribisha kwa soda. Nyumba hii siwapi kwa mkono wangu.

Usije kunizika, Boaz. Njoo ukae. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii.

Mama yako, Melania


Nyasubi
14 Agosti 2022

Mayu, shikamoo.

Najua hakuna wa kuitikia, lakini barua yako sikuijibu na wewe hukunifundisha hivyo. Ilinifikia jioni, asubuhi nikapanda basi, na nilipofika nilikuta viti vya msiba vimepangwa hadi barabarani.

Bwana afya wa manispaa alisema kiwanjani hakuzikwi mtu. Tumekulaza Samuye, karibu na baba. Shimo nimelifukia mwenyewe. Baba mdogo Mwigulu alinipa kiti cha mbele, cha mwenye msiba. Alikifuta vumbi kwanza.

Dalali alirudi kama alivyoahidi. Alikuta akina mama wa mtaa wote wamejaa sebuleni kwenye mikeka. Eunice akamwambia avue viatu. Akavua, akatoa pole, akakaa, kipaza sauti kakiweka katikati ya magoti. Nyumba yenye matanga hainadiwi, hata yeye ana mama. Baada ya uji akauliza kwa adabu tunaanua matanga lini.

Watu wakanigeukia. Neno la kuanua ni la mtoto mkubwa.

"Bado," nikasema.

Akaja wiki iliyofuata, nikamwambia bado. Siku hizi hata wale walionunua nyumba za mtaa huu wanapita kutoa pole, na Eunice anawavulisha viatu nao. Baba mdogo ameleta magunia mawili ya mtama kutoka Samuye. Mashemeji wamekata kuni.

Leo dalali amepita tena, amesimama pale getini. Hakuuliza. Akina mama walikuwa wanachambua maharage ya kesho.

Mwanao, Boaz