Neno Moja mu Class ya Chancelle

Lubumbashi, 4/6/2024

Mama Marlène,
Mulilala muzuri? Mugongo ilipoa? Mi niko muzima, lakini examen ya Java, ile luga ya ordinatere, inanisumbua. Ni tarehe 17. Kwa kujizoeza, professeur alitupatia interface, jina yake Mashini, yenye kuomba kazi mbili: washa na zima. Tunapashwa kuandika class Pompe yenye kufanya zote mbili. Niliandika zote, ordinatere inakatala. Yaya Kalala ndiye alinifundisha hii bitu mbele aache masomo na kuingia mu mangodi kuchimba, na telefone yake haiite tena. Natuma zoezi hapa chini, mumuonyeshe.
Mutoto yako, Chancelle

Kolwezi, 6/6/2024

Mutoto yangu,
Siye tuko bazima, mugongo inavumilia. Telefone ya yaya, mukubwa yako, ilianguka mu mayi. Anasema: mbele ya maneno void washa utie neno public, na mbele ya void zima vilevile. Mu interface ile public iko hata haiandikwe, na class haiwezi kuificha. Naandika tu vile anasema, sijue maana. Ukule muzuri.
Mama yako

Lubumbashi, 7/6/2024

Mama,
Asante, ordinatere ilikubali. Lakini yaya ananyang'anyaka telefone ya mutu na kuandika yeye mwenyewe. Juu ya nini alikuacha uandike? Na Mechack, jirani yetu wa kule Kolwezi, ameniuliza mu message: "Yaya yako anaendelea namna gani?" Anaendelea na nini, mama?
Chancelle yako

Kolwezi, 11/6/2024

Mutoto yangu,
Usinikasirikie. Kila siku naandika, nafuta. Udongo ilimuangukia Kalala mu shimo. Benzake balimutosha inje. Mikono na miguu iko, ni macho. Bamefunga yote mbili, munganga anasema tungoje. Zoezi yako nilimusomea ku kitanda, alama kwa alama, hata zile sijue jina yake. Akacheka, mara ya kwanza tangu tufike lupitalo: "Alisahau public, ule." Ni yeye alikataza tukwambie. "Akikuya ataacha examen, atakuwa sawa mi." Ubakie, mutoto yangu. Umalize.
Mama yako

Lubumbashi, 17/6/2024

Mama,
Nilibakia, na nilimaliza. Baliomba interface na class. Niliandika, lakini kama ni muzuri sijue. Sasa niko mu bisi ya Kolwezi. Mwambie yaya nakuya, asikatale. Nimemukasirikia, na wewe pia kidogo. Munganga akifungua macho yake mbele nifike, usiniandikie kitu. Uache niingie, nimuone mi mwenyewe.
Mutoto yako, Chancelle