Ziada ya Kushoto Imebaki Kushoto

Mama yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumai mvua zimewaacha salama na goti limeacha kukusumbua. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haitulii. Barua hii nimeianza mara tatu, nikainuka, nikazunguka jengo la mashine, nikarudi kuketi.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa, nikakukwepa. Basi sikiliza. Protoni ni punje ndogo kuliko chochote utakachokiona, na kila moja ina mzunguko wake, unaoelekea juu au chini. Tunazirusha kwenye kipande cha barafu ambamo protoni nyingine zimepangwa zielekee juu, halafu tunahesabu zinazochepukia kushoto na zinazochepukia kulia. Miezi miwili sasa, za kushoto zimezidi. Profesa, mkuu wetu, akafurahi akaanza kuwaandikia wenzake. Mimi nikakupigia simu nikijigamba, nawe ukanijibu, "Nimesha ambia bantu yote ya ku avenue: mutoto yangu ameona kintu."

Lakini kuna jambo lilinikera. Unakumbuka mizani yako ya sahani mbili pale sokoni? Mteja akilalamika kuhusu maharage ya Mitwaba, hukubishana naye. Ulisema, "Kama unakatala mizani, tugeuze tu," ukahamishia maharage upande wa mawe, na mawe upande wa maharage. Sisi pia tuna kugeuza kwetu: tunazielekeza chini zile protoni za kwenye barafu. Hapo ziada inapaswa kuhamia kulia; ikibaki kushoto, basi kosa ni la mizani yetu, si la protoni. Profesa alikuwa akiahirisha, maana kugeuza kunakula siku nzima na zamu yetu ya mashine inakaribia kuisha. Nilimsumbua mpaka akachoka, akakubali.

Jana tuligeuza. Ziada ya kushoto imebaki kushoto.

Leo Jumapili nimeingia ukumbi wa mashine peke yangu na rula. Kipokezi cha kushoto, chombo kinachohesabu protoni za upande huo, kimekaa karibu na barafu kuliko cha kulia, kwa upana wa kidole, ndiyo maana kinanasa nyingi zaidi. Nilikifunga mimi, kwa mikono yangu, nikapima kuanzia ukingo wake wa nje badala ya wa ndani. Nikakaa sakafuni nikalia, kisha nikajikasirikia kwa kulia.

Hakuna mwingine anayejua. Naweza kuandika daftarini kwamba protoni hazikugeuka vizuri, vipimo vya jana vikatupwa, na mambo yakaendelea. Mkataba wangu unakwisha mwezi huu, na bila matokeo yale sijui kama utaongezwa. Shetani amenikalia begani mchana kutwa. Naogopa, Mama, sikufichi. Lakini kesho asubuhi kwenye kikao nitasema.

Nisalimie Nkambo, mwambie mjukuu wake bado anaswali. Shangazi mshonaji naye umpe salamu, gauni lake nalivaa. Kaka Ramazani akirudi na lori lake kutoka Kasumbalesa, mwambie asiuze baiskeli yangu, huenda nikarudi mapema kuliko tulivyopanga.

Nina ombi moja, nalo ni zito. Wapitie watu wa avenue uwaambie sikuona kitu. Wakiuliza kulikoni, usiseme mashine ya wazungu iliharibika. Sema, "Mtoto wangu ndiye aliyeifunga vibaya, na amesema mwenyewe."

Binti yako,
Zaina