Kifaransa Nilichokulipia

Bujumbura, hospitalini, chumba cha wanawake,
Jumamosi, 11 Machi 2000

Mdogo wangu Adija,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na watoto, na kwamba mafua ya Fadhila yamekwisha. Mimi ukiniuliza hali, nitakujibu kwamba nimeamka, alhamdulillahi. Tumbo limejaa maji tena. Macho yamekuwa ya manjano hata bibi wa kitanda cha pili, mtu wa Kibenga, ananitania kwamba nikichungulia dirishani usiku askari watadhani ni taa za gari. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, basi ujue kwamba kucheka bado nacheka.

Asante kwa chakula. Radjabu ananiletea sufuria kila akifunga bucha yake, na kila akija ananiambia kwamba unaumwa mgongo. Mgongo huo ulikushika siku ile ile nesi Mathilde alipozungumza na mimi. Najua ni Radjabu aliyekupa habari, maana mdomo wake haufungi hata Ramadhani. Simlaumu. Ndiye atakayekuletea barua hii, na bahasha nimeibandika vizuri kwa ajili yake.

Nataka tukumbushane mwezi wa nane uliopita. Nilikuwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, mwili unaniwasha, na nguo zangu zote zinanipwaya. Buyenzi nzima kila mtu alikuwa na ugonjwa wake wa kunipa: huyu bandama ya malaria, yule vidonda vya tumbo, mwingine akanong'ona kwamba nimelishwa sumu. Wewe ukasema twende hospitali, na nilikuombea dua kwa hilo. Tukampata yule daktari wa kutoka Mali. Tulisalimiana naye salamu ya Kiislamu, nikafurahi, kumbe lugha yetu iliishia hapo hapo. Yeye Kifaransa, mimi Kiswahili na Kirundi cha sokoni. Ukakaa katikati yetu.

Alinilaza, akanibonyeza chini ya mbavu, akataka nivute pumzi, nawe ukanitafsiria vizuri kabisa kwamba nivute pumzi. Akanipaka kitu cha baridi tumboni na kunipitishia kile chombo cha kuangalia ndani, ekografi. Wakatoa damu. Tuliporudi kuchukua majibu, alizungumza kwa muda mrefu, na alikuwa akinitazama mimi, si wewe. Alikunja ngumi, akaigusa pembeni kwa kidole, akapitisha mkono kama mtu anayekata. Kisha akangoja jibu langu. Ukanigeukia, ukaniambia: "Dada, apana kuwaza, ni gastrite tu, tumbo limechubuka. Utakunywa dawa, utapumzika, utaacha pilipili." Nikakuuliza kama maneno yote yale yalikuwa ya pilipili. Ukanijibu kwamba Kifaransa ndivyo kilivyo, kinazunguka sana kwa jambo dogo. Mimi mjinga nikacheka. Ukamwambia daktari maneno mawili matatu, akatikisa kichwa kwa huzuni, nami nikamwambia merci.

Nikaacha pilipili, Adija. Mimi, niliyelelewa kwa pilipili!

Baada ya Idi ndogo tumbo likavimba, nikaletwa hapa. Unakumbuka asubuhi ile risasi zilipolia upande wa kaskazini, barabara zikafungwa, ukashindwa kufika. Daktari alikuja na Mathilde, nesi wa Ngagara aliyekua akicheza na watoto wa Waswahili. Daktari akaniuliza jambo kwa upole. Mathilde akasitasita, akaniambia: "Mama, anauliza kwa nini ulikataa kwenda Nairobi." Nikamwuliza Nairobi gani. Alinitazama, akamtazama daktari, akavuta kiti akaketi.

Akanieleza yote. Kwamba ile damu ya mwezi wa nane ilionyesha virusi vya homa ya ini, ambavyo huenda nimeishi navyo tangu utotoni bila kujua, vikilila ini kidogo kidogo. Kwamba kwenye ekografi ulionekana uvimbe mmoja, mkubwa kama limao, upande mmoja tu wa ini, na sehemu iliyobaki ilikuwa bado nzuri. Kwamba daktari alisema hapa kwetu hawawezi kuukata ila Nairobi wanaweza, na vikwazo vya nchi jirani vimekwisha, ndege zinakwenda. Alisema si hakika kwamba ningepona, lakini nafasi ipo, mradi niende upesi, na kwamba ini likikatwa huota tena. Sasa uvimbe umeenea pande zote, ndiyo sababu ya maji haya na macho haya, na hakuna wa kuukata.

Tena akanieleza ulichomjibu. Ulimwambia kwamba mimi nimekataa. Kwamba nimesema namwachia Mungu.

Dini yangu naijua, na Mungu nimemwachia mengi. Hilo sikumwachia. Ulinitilia jina lake mdomoni mwangu, nami nimekaa pale nikitabasamu.

Mathilde alipomaliza alidhani sikuelewa, akataka kunichorea ini kwenye karatasi. Nikamwambia asijisumbue. Wewe ni shahidi, nimekaanga maini na chapati kwenye kibaraza changu tangu wewe ukiwa na meno ya utoto. Radjabu akichinja, ini ndilo tunalotazama kwanza. Zima ni laini na linang'aa. Likiwa na kijiwe upande mmoja, hatulitupi lote. Tunakata pale pabaya, tunapita mbali kidogo kwa usalama, na sehemu iliyobaki inaliwa. Katika mji huu wote hakuna mgonjwa ambaye angemwelewa Mmali yule upesi kuliko mimi. Ile ngumi na ule mkono unaokata niliviona kwa macho yangu, nikakuamini wewe nikaacha kuyaamini macho.

Na Kifaransa hicho umekipata wapi? Baba alisema msichana akijua kusoma Kurani yatosha. Mimi ndiye niliyekupeleka kwa masista. Sare ulivaa kwa chapati, madaftari kwa maini. Ulikuwa ukirudi jioni unanisomea masomo yako kando ya karai la mafuta, nami sielewi hata neno, najisikia fahari tu. Nilikuwa nikiwaambia wateja kwamba huyu atakuwa mdomo wangu kwa wakubwa. Ndivyo nilivyosema, mdomo wangu. Inaniuma kuliko ini.

Usiniambie kwamba ulihofia kunitia hofu. Siku ile ile tuliyotoka kwa daktari ulitoa wembe wangu kwenye kopo la bafuni, ukaniwekea kopo langu peke yangu. Wiki iliyofuata ukawapeleka watoto kupimwa damu, ukaniambia ni mambo ya shule. Kumbe daktari alikuambia kwamba ugonjwa huu hupita kwa damu. Basi uliyasikia maneno yake vizuri, ukayatumia, na watoto ni wazima, alhamdulillahi, nimefurahi kwa hilo na sifichi. Ila yangu mimi uliyaacha mezani kwa daktari.

Nimelala hapa nikitafuta sababu, na sababu ni nyumba. Nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu ndiyo kitu pekee nilicho nacho cha kuuza, nawe ndimo ulimofikia vita vilipowatoa Kinama, na godoro moja kichwani, bila mume. Mungu hakunipa mtoto, wako nikawaita wangu. Ulipomsikia daktari akitaja Nairobi, ulimwona mnunuzi mlangoni na watoto barabarani wakati wa risasi. Sisemi ulitaka nife. Huko sijafika, na naomba Mungu asinifikishe.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mathilde, aliyeniuliza. Ulinijua vizuri. Ningeiuza. Nimejipima hapa kitandani kwa ukweli wote, na sikuona moyo mwema ninaoupenda. Ningeiuza nyumba na ninyi mmo ndani, mngelala kwenye baraza la msikiti, nami ningepanda ndege nikilia, lakini ningepanda. Nilitaka kuishi, Adija. Hata leo nataka. Kwa hiyo hukukosea juu yangu. Lakini nyumba ilikuwa yangu, na ini langu, na ubaya huo ulikuwa wangu kuutenda au kuuacha. Ulitakiwa kunitafsiria, kisha unipigie magoti, unitukane, unizibie mlango. Labda ningebaki. Hatutajua, wewe wala mimi.

Nyumba haiuzwi tena, sina la kuifanyia. Kaeni. Ila usije ukawaambia watu kwamba dada alikupa. Ningependa sana iwe nilikupa.

Jumanne daktari atakuja kunieleza yaliyobaki: maji haya watayatoa mara ngapi, na kama nitaiona hii Idi ya kuchinja au na nyingine. Mathilde yupo, na anatafsiri vizuri. Nimemwambia asije. Nakutaka wewe, ukae pale pale ulipokaa. Akisema neno baya, lilete lilivyo. Akisema marefu, nataka marefu. Mgongo ukikuuma, Radjabu atakuegemeza.

Wasalimie watoto wote, Fadhila nibusie mashavu yote mawili. Wasalimie majirani wa barazani, na mwenye kuniuliza mwambie ninaumwa ini, usimwambie gastrite. Sufuria ya kesho utie pilipili.

Ukifika Jumanne usianze kulia. Tafsiri kwanza.

Ni mimi dada yako,
Consolate kabla Baba hajasilimu nasi, na kwako siku zote Dada,
Mama Maini wa Buyenzi