Hema la Mama Mlimani

Kundasang, Ranau,
Sabah.

6 Aprili

Mpendwa mdogo wangu Raimin,

Hujambo huko Johor? Norita hajambo, na mwanenu ameacha kulia usiku? Sisi tu wazima. Baridi imetushika sawasawa wiki hii, ukungu unaingia hadi jikoni, lakini kabichi zimefunga vizuri na kifua cha Mama kimetulia. Nakitaja kifua mapema kwa sababu najua ndicho utakachokitafuta kwanza.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa kuwa kwenye simu unanikatiza. Juzi nilipokuambia kwamba mwezi wa tano tunampeleka Mama akalale mlimani, ulifoka kana kwamba tunakwenda kumtupa. Barua haikatizwi. Kaa chini, uisome mpaka mwisho.

Safari iko palepale. Hatupandi kileleni, Raimin. Tunakwenda kwenye ile kambi ya mahema ndani ya hifadhi, ng'ambo ya mto, na gari linafika hadi mlangoni. Mahema yenyewe yana vitanda, mablanketi mazito na maji ya moto. Mama alipoonyeshwa picha alisema Baba alilala juu ya mwamba miaka yote ile ya kubeba mizigo ya wageni, iweje yeye apewe godoro. Lakini baadaye nilimwona ameichukua simu yangu anaitazama tena ile picha.

Maisha yake yote ameuza mboga kando ya barabara, mlima uko mbele ya macho yake, na hajawahi kulala huko hata usiku mmoja. Sasa roho ya Baba iko huko, pamoja na za wafu wetu wote, na Mama anataka usiku mmoja tu karibu naye. Ameniomba hilo kwa mdomo wake, na wewe unamjua, si mtu wa kuomba.

Kuhusu kifua, nilimpeleka zahanati. Muuguzi alimsikiliza mbele na nyuma, akasema avae nguo za kutosha na asinywe vya baridi. Hakusema asiende.

Sasa nikuchekeshe kidogo. Kazi ya kutafuta nafasi nilimpa shemeji yako Jaikol, maana mimi nilikuwa sokoni. Akapiga simu. Msichana wa kambini, mgeni ambaye hajakaa sana huku kwetu, akauliza majina ya watakaolala. Jaikol akataja lake, kisha kwa heshima akataka kumtanguliza mama mkwe kabla yangu, na hapo akakwama. Tangu lini mkwe akatamka jina la mkwewe? Tumbo lingemvimba, kama wazee wanavyoonya.

"Andika Mama," akasema.

"Mama nani?"

"Mama tu, dada. Hilo jina lake mimi siliwezi."

Msichana akacheka, akasema ameelewa, akakata simu. Kumbe alichoelewa ni kwamba Jaikol ni mume anayemdekeza mkewe kwa kumwita Mama. Ujumbe uliporudi tukakuta tumepewa hema la maharusi: Bwana Jaikol na Mama, kitanda kimoja kikubwa, na maua yatamwagwa juu ya shuka. Jaikol aliusoma, akaiweka simu mezani polepole, akaenda shambani, na hakuonekana hadi giza. Mama alicheka mpaka nikaogopa kikohozi kitarudi. Alisema bwana harusi aambiwe amekubaliwa, ila mahari yake ni nyati wawili.

Mahema mengine yalikuwa yamejaa na simu haikusaidia tena. Nikajiambia sitarudi nyuma kwa sababu ya kitanda. Nikampandisha Mama kwenye pikapu ya mboga, tukaenda wenyewe. Nilisimama pale mapokezi, sikuondoka, mpaka yule msichana, na kusema kweli ni mpole, akakubali kulichukua hema la maharusi na kutupa mawili madogo ya wageni walioahirisha. Akaniuliza jina la Mama. Nikalitamka: Loinsah.

Mama alikuwa dirishani, amenipa mgongo, anautazama mlima. Akaitika, "Abee." Hakuitika kama anavyoniitikia mimi. Ile sauti sijaisikia tangu tumzike Baba. Kisha akageuka, akaona ni mimi, akaona haya.

Nililia, Raimin. Hebu fikiria. Mimi na wewe tunamwita Mama. Wajukuu wanamwita Odu. Kwa Jaikol na Norita ni mwiko. Majirani wanamwita Mama Sulinah, na wa rika lake wamekwisha. Jina lile lilikuwa limebaki kinywani mwa Baba peke yake, na sisi hatukuona lilipozikwa naye.

Halafu hofu ikanishika, ileile unayoificha wewe nyuma ya habari za kifua. Unakumbuka Baba alivyotuonya tangu utoto: usiku mlimani ukisikia unaitwa kwa jina, usiitike, kwa maana anayeita si wa upande wetu na anataka mwenzake. Sikutaka kuzungukazunguka. Nilimuuliza Mama hapohapo ndani ya gari kama anakwenda huko ili aitike.

"Sitaitika," akasema. "Kabichi zangu atavuna nani? Nataka kulisikia tu."

Basi atakwenda. Ukikasirika, kasirika, lakini atakwenda. Ameshatoa sweta lake la kanisani na soksi za Baba, na ameshasaga tuhau, ile tangawizi yake ya porini. Kambini wamekataza vyakula vya harufu kali, lakini anasema ataifunga kwenye majani na kuapa kuwa ni dawa.

Majirani wanakusalimu. Jaikol pia anakusalimu, ingawa siku hizi simu ikilia anatoka nje. Msalimie sana Norita na umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Bado neno moja. Mahema mawili yana vitanda vinne. Mimi na Mama tutalala kwenye moja, na Jaikol kwenye la pili, mbali na mkwewe kama inavyotakiwa. Msichana aliniuliza kitanda cha nne ni cha nani. Nikataja jina lako. Hujakanyaga hapa tangu mazishi, na walio hai wenye ruhusa ya kumwita Mama kwa jina lake tumebaki wawili, mimi na wewe.

Mungu akulinde kazini na akufungulie njia ya kuja. Usiku ule, ukisikia unaitwa kutoka hema la jirani, usiogope. Atakuwa ni Mama. Wewe itika.

Dada yako akupendaye, hata ukifoka,

Sulinah