Utupa Niliokuficha

Tusekile mwanangu,

Nakuandikia nina hasira, kwa hiyo salamu zitakuwa fupi. Huku tupo, mvua ipo, ndizi zipo, na mimi bado mbishi. Ugonile basi, yaani umelalaje, ingawa wewe umelala moja kwa moja.

Jumanne nilipita kwa mama yako hapo Kawetele kumjulia hali. Nikamkuta jikoni anawasha moto kwa karatasi. Nikaanza utani wangu, nikamwambia mjane mwenye karatasi nyingi hivyo lazima ana kesi mahakamani. Akacheka, akanipa moja nimsaidie kuchochea. Ilikuwa na mwandiko wako. Juu kabisa: Ambakisye, mkulima, darasa la nne. Ilikuwa fomu yangu mimi, na moto ulikuwa umeshaanza kula pembe moja.

Nikaizima kwa kiganja. Swali la kumi na moja bado lilisomeka: je, umewahi kutumia utupa mtoni, ghalani au kwenye ng'ombe? Na jibu nililokupa umeliandika kama nilivyolitamka, wala hukuongeza nukta: "Hapana. Hata jani silijui."

Hata jani silijui. Mimi! Utupa, mmea wetu wa kulevya samaki na kuua kupe, ulikuwa umesimama nyuma ya zizi langu kama ua wa misheni. Niliufyeka asubuhi ileile uliyokuja, nikaupeleka bondeni, nikanawa mikono, nikaketi barazani kukungoja na uso wa mzee wa kanisa.

Mama yako sikumgombeza. Aliniambia, "Wenye kazi yao hawakuja kuzichukua. Mimi nisome nini humo, Baba?" Boksi lako la fomu limebaki nusu. Nusu nyingine imepika maharage.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka chuo kikuu, daktari wa utafiti, na raba zako nyeupe ambazo tope letu liliziheshimu kwa siku moja tu? Nilikuuliza kwa nini unanitaka mimi niwe mwenyeji wako wa kukupeleka nyumba kwa nyumba badala ya mchungaji au mwenyekiti wa kijiji. Ukaniita baba kwa lugha yetu, ukasema, "Tata, mchungaji wanamwogopa, mwenyekiti wanamdanganya. Wewe wanacheka nawe." Ndiyo, walicheka nami. Hukuuliza tunamcheka nani.

Tukatembea. Tulifika Isongole kwa rafiki yangu Asajile, mkulima wa viazi, ambaye mkono wake ulikuwa unatembea peke yake, kidole gumba juu ya vidole viwili, kama mtu anayepukuchua mahindi yasiyokuwepo. Watu walisema amerogwa na shemeji yake. Wewe ulimpa kalamu aandike jina lake mara tano, na achore konokono. Konokono wake alitoka kama amekanyagwa. Nikacheka, ukanitazama vibaya. Njiani ukanifundisha: "Usitazame mkono unaofanya kazi, Tata. Tazama ule uliolala mapajani. Halafu tazama mwandiko. Unaanza mkubwa, unaishia kama mayai ya chawa."

Ulinieleza kwamba ndani ya ubongo kuna mahali padogo panapoongoza mwendo wa mtu, na kwamba sumu ikipafikia hupazima polepole, miaka na miaka, mwenyewe hajui, ila pengine pua hutangulia kupoteza harufu. Ulishuku vitu viwili. Cha kwanza dawa za dukani. Hapo nilikuunga mkono, maana zamani dawa ya kahawa ililetwa na ushirika, na bwana shamba alikuja nayo na makelele yake juu ya glovu. Tangu iwe ruksa kwa kila mtu kuuza, duka lolote pale mtaani kwetu Bagamoyo linakupimia dawa ya magugu kwenye chupa ya soda, jirani na sukari, haina hata karatasi ya maelezo. Ukiuliza inachanganywaje, muuzaji anakwambia, "Kadiria tu, mzee." Tumekadiria mpaka makaburini.

Cha pili kilikuwa utupa wetu. Hapo nilikubishia. Nikakwambia huo ni mmea wa Mungu, babu zetu wamekula samaki wake. Ukanijibu bila hata kusimama, "Tata, hata nyoka ni wa Mungu."

Sasa nikwambie nilichokifanya. Msimu ule bwana samaki alikuwa amewakamata vijana wawili mtoni Kiwira na kapu la utupa uliotwangwa. Nilipoiona fomu yako, nikaona na mhuri juu yake, nikajua ile ni karatasi ya serikali, na karatasi ya serikali haina urafiki na mtu. Kwa hiyo kila nyumba uliyokwenda, mimi nilitangulia siku moja kabla. "Kesho anakuja binti na maswali yake. Ya dawa ya dukani mjibuni mnavyotaka. Utupa hatuujui, hata jani." Wote wakaitikia. Hata Asajile, ambaye ndiye aliyenifundisha kuutwanga! Tulisimama mtoni maji ya kiuno, mimi na yeye, tangu tukiwa vijana mpaka tukapata mvi, tunaumwaga kwa mikono mitupu na kuokota samaki walioelea matumbo juu. Mkono wake ukiwa unapukuchua hewa, akakutazama machoni akasema hata jani halijui. Ulipoondoka tulicheka mpaka akakohoa.

Hatukucheka siku ile ulipowasomea wakubwa matokeo yako kwenye ukumbi wa wilaya. Yule bwana wa miwani aliyetoka mjini alisimama na karatasi zako, akasema, "Daktari, kati ya wagonjwa wako hakuna hata mmoja aliyegusa huo mmea. Umetuletea ngano." Watu wakapiga meza kwa kicheko. Ukageuka kunitafuta kule nyuma. Mimi nikawa nahesabu mabati ya dari. Ungeniita kwa jina, ningesimama. Nasema hivyo sasa. Wewe ukakusanya karatasi zako, ukasema kwa sauti ndogo, "Basi nitaanza upya."

Hukuanza. Mtu mzima uliyekuwa unayafukuza magonjwa makubwa ndani ya vichwa vya watu, ukaondolewa na mbu, siku nne tu. Kwenye msiba wako nilisimama nikasema vizuri sana. Niliwachekesha hadi wapishi. Utupa sikuutaja.

Na nina hasira nawe pia, usidhani umenusurika kwa kufa. Nyumba zote zile zikupe jibu moja, kwa maneno yaleyale, na wewe msomi usishtuke? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nakusema moyoni, mpaka Jumanne nilipoisogeza fomu yangu mlangoni penye mwanga. Pembeni mwa jibu langu umeweka alama ya kuuliza kwa penseli. Ndogo. Nikazitazama nyingine. Zote zinayo.

Kumbe ulijua. Ulijua, ukaninyamazia, kwa sababu mimi ni rika la baba yako, na binti aliyelelewa vizuri hamwambii mzee kwamba anasema uongo. Nani alikufundisha kumstahi mwongo kwa sababu ana mvi? Ni sisi tuliokufundisha. Tulikupigisha magoti tangu ukiwa mdogo, salamu kwa mikono miwili, macho chini. Nikifikiria hapo natamani kupiga mtu, na wa kupigwa simwoni ila huyu anayeandika.

Asajile tulimzika wakati wa kupanda viazi. Mwishoni mkewe alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Na mimi, mwanangu, mwaka huu sisikii harufu. Ndizi zikiungua jikoni najua mke wangu anapopiga kelele. Hata pombe yetu ya kimpumu nakunywa kama maji. Juzi nimekaa, mkono wa kushoto umelala pajani, mke wangu akauliza, "Unapukuchua nini, mzee wangu?" Nikautazama. Ulikuwa kazini peke yake. Naandika kwa wa kulia, na wenyewe umeshaanza kuigiza ya mwenzake.

Sisemi ni utupa. Huenda ni zile chupa za soda, huenda ni uzee tu. Ungekuwepo ungenikaripia, "Tata, bado hatujui." Lakini tungekuwa tunajua kidogo zaidi kama nisingefungua mdomo wangu.

Basi boksi nimelichukua. Mama yako nimempelekea gunia la magunzi ya kuwashia moto, ameridhika. Kila asubuhi natoka na fomu chache, na daftari kwa ajili ya zile zilizoungua, kuwaomba watu wasahihishe jibu la kumi na moja na kusaini. Wengine wananifukuza. Mmoja kaniambia, "Ulitufundisha uongo, sasa unatufundisha ukweli, kesho utatufundisha nini?" Mwingine anaogopa kufungwa. Nikamwambia aandike kwamba nilimtuma mimi, wanifunge, gereza litanilisha na nitawachekesha. Wanaosaini wameshakuwa wengi kuliko wanaokataa. Walio makaburini wanasemewa na wake zao, ambao walikuwa wanajua siku zote.

Nakuaga sasa, binti yangu, maana mkono umechoka. Naahidi nyumba zote nitazimaliza kabla miguu haijanikatalia, na boksi nitalipeleka mwenyewe kwa mwalimu wako wa chuo, nitapanda basi nalo mapajani, na nikimkuta yule wa miwani nitamsomea swali la kumi na moja mbele ya watu. Jibu langu nimelisahihisha: Ndiyo. Mtoni, ghalani na kwenye ng'ombe. Tangu ujana, kwa mikono mitupu. Nilimficha daktari.

Barua hii naiweka humo, juu ya fomu yangu. Maneno yake waachie wengine, wewe tazama mwandiko. Jina lako pale juu lilijaza mstari mzima. Sasa litafute langu.

Ambakisye