Tisa na Nusu kwa Injini ya Mzee Jozef

Schaerbeek, Brussels

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na baridi hii ya Iringa? Na Mama, kile kikohozi kimemwachia? Mimi na mume wangu tu wazima, na majira ya joto yameingia, ingawa mvua ya huku haijui hilo.

Nina habari ya injini, na najua utaisoma mara mbili.

Unajua alfajiri nasafisha ofisi kule Schuman, kisha napanda tramu kurudi huku Schaerbeek, gereji kwa Bwana Kemal, Mturuki. Tangu aniajiri alikuwa ananipa breki na kumwaga oili tu. Kumbe alikuwa ananitazama. Siku moja akanionyesha injini ya gari la zamani iliyofumuliwa mezani, akasema hii nitaiunda mimi, chini mpaka juu. Nikiiharibu, narudi kwenye breki.

Mwenye gari ni Mzee Jozef, Mbelgiji aliyefundisha shule Bukavu miaka mingi. Kiswahili chake ni cha Kivu, na Kifaransa kimejaa ndani yake. Ujanani alishindana kwa magari, na sasa alitaka gari lake la barabarani liwe na nguvu zile zile. Alikuja na pistoni mpya zenye vichwa vilivyovimba. Nilipopima nafasi inayobaki pistoni ikifika juu, nikaona zitabana hewa na petroli mara kumi na moja. Ukibana hivyo nguvu unapata, lakini joto nalo linapanda, na petroli ikiwa hafifu hulipuka kabla ya wakati wake. Ule mlio wa injini kugonga unaujua, Baba: kama changarawe ndani ya debe, lori limejaa mahindi na wewe uko katikati ya mlima wa Kitonga. Ukizidi kukanyaga, pistoni inatoboka.

Nilimweleza Mzee Jozef. Akasema Brussels petroli nzuri ipo. Bwana Kemal akawa upande wake: gari ni lake, mfanyie anavyotaka. Nilirudi nyumbani na hasira, maana kazi ilikuwa yangu na injini ingefia mikononi mwangu.

Mzee aliporudi gerejini nikamwuliza nilichopaswa kuuliza mwanzo: gari hili unakwenda nalo wapi?

"Bibi yangu, macho yake inaisha," akasema; kwa Kiswahili cha Kivu bibi ni mke. "Anataka kuona milima ya kusini mbele ya giza. Tulienda kule tukiwa wapya."

Nikamwambia, "Basi Mzee, hii si injini ya mashindano, ni ya kumfikisha mama na kumrudisha. Kule milimani, kwenye joto, hujui utauziwa petroli gani. Nikubalie tubane mara tisa na nusu. Nguvu itapungua kidogo tu, na haitagonga."

"Neuf et demi," akarudia polepole, kana kwamba nimemwambia amezeeka. Akaziangalia zile pistoni zake kwa muda. "Wakati wa onze, ile kumi na moja, nilikuwa kijana. Bon. Weka ile yako."

Tukazirudisha dukani, tukachukua zenye vichwa bapa. Nikapima kila silinda, nikasawazisha, nikapima tena mpaka zote zikakubaliana. Nilipokuwa nafunga, Bwana Kemal alikuja kunishikia taa.

Tulipokwisha, nilijaza makusudi petroli ya daraja la chini, Mzee Jozef akakaa pembeni yangu, tukatafuta mlima nje ya mji. Nikaingiza gia ya juu, nikakanyaga mpaka chini, vioo vimefunguliwa, sote wawili tumetega masikio. Gari likavuta, Baba, likapanda kwa sauti moja tu. Mzee alianza kutabasamu kabla hatujafika kileleni.

Mzee na mkewe wakaondoka kwenda kusini. Nami nikawa nasikiliza kila simu inayolia gerejini. Juzi Bwana Kemal akanipa mkono wa simu. Alikuwa Bi Godelieve, mke wa mzee, ambaye sijawahi kumwona. Kumbe naye anaongea Kiswahili kile kile cha Kivu. Akaniambia kijiji cha mwisho kilikuwa na pampu moja kuukuu, wakajaza ilichokuwa nacho. Jozef akawa na woga njia nzima, na gari likapanda bila kulalamika.

"Sasa niko juu," akasema. "Kuko theluji bado, mama. Niko naiona."

Nikaweka simu chini. Nilipogeuka, Bwana Kemal alikuwa ameshaweka injini nyingine kwenye meza yangu. Ofisi za Schuman nitaziaga mwisho wa mwezi, nibaki na injini tu.

Msalimie Mama, na kaka Elia aliyerithi lori lako, na shangazi Tabu na cherehani yake. Bibi mwambie nakula vizuri.

Binti yako akupendaye,
Zawadi