Imetoka Kwenye Simu

Wifi yangu,

Mwanao kautoa utepe wote wa kanda sasa hivi, kajivisha shingoni kama mkufu, anacheka. Nimeshindwa hata kumfokea. Ameota meno mawili.

Lakini wifi, ni ile kanda ya kwanza, uliyorekodi mwenyewe mbele ya jukwaa wakati marehemu kaka yako, mume wangu, akiimba. Imekatika vipande vipande. Nimebaki na nakala ya kwenye simu, na humo kaka yako anasikika kama yuko ndani ya ndoo.

Leo anakuja fundi redio. Anayo kanda ya onyesho la mwisho, pale kaka yako aliposimamisha wimbo akamsalimia mtoto tumboni mwangu kwa jina. Mimi nilikuwa nimelazwa, sikusikia. Fundi hauzi, anabadilishana kanda kwa kanda tu. Aliniambia: "Shemeji, nataka nakala iliyotoka kanda ya kwanza, na uniandikie imetoka wapi. Ya simu kaa nayo."

Jirani ananicheka: "Andika ni ya kwanza, nani atajua?" Nimeshika kalamu, nimeiweka, nimeishika tena. Nikidanganya, fundi atawapa wenzake hii ya simu, nao wenzao, na kaka yako atabaki ndani ya ndoo milele. Nimeandika kwenye karatasi: imetoka kwenye simu.

Wifi, ile nakala uliyojirekodia kutoka kanda hiyo ya kwanza kabla hujasafiri, bado unayo? Nakuomba iwepo. Nitamsihi fundi asubiri jibu lako, maana mtoto hajawahi kumsikia baba yake akimwita, na huyo fundi anabisha, "Hodi, shemeji!", ngoja nimfungulie nimwambie kwamba wewe huenda bado unayo.